Tabora mpaka Sikonge kwa baiskeli kupitia porini: siku mbili za mchanga, visiki na ndorobo

Kijana_wa_Isevya

Wakuu heshima kwenu. Mi siku zote ni msomaji tu ila leo nimeona nilete huu uzi, mana kila nikitafuta habari za baiskeli za porini nakutana na za wenzetu wa Arusha na Lushoto huko kwenye milima, za kwetu Unyamwezi hamna. Watu wanaona huku tambarare basi wanadhani ni kunyonga tu mpaka unafika. Sio kweli kabisa. Nimetoka Tabora mjini mpaka Sikonge kwa njia za porini, sio ile lami. Kwa lami ni kilomita 70 hivi, mwenye pumzi anazimaliza asubuhi moja na chai anakunywa huko huko. Sisi tumetumia siku mbili, simu imesoma kilomita 96, na kuna sehemu nilikaa chini nikashindwa kunyanyuka.

Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu. Yangu ni mtumba wa Japani, rimu 26, gia 21, shokapu mbele, breki za diski zile za waya. Yake ni hivo hivo ila haina shokapu. Maji lita 6 kila mtu, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), karanga za kukaanga, kisufuria, tyubu mbili mbili za akiba, viraka, solusheni, pampu, spana na kipande cha tairi kuukuu ambacho bibi alituuliza mnakipeleka wapi hicho. Na kabla ya yote nilienda kwa mtendaji wa kijiji na kwa watu wa misitu kuomba ruhusa, kwasababu katikati unapita ndani ya hifadhi ya msitu, na ukikutwa porini na mizigo bila karatasi utahesabiwa mtu wa mkaa au wa nyama.

Tumetoka saa 11 alfajiri, mwezi wa saba. Watu wa Dar hawaamini kama Tabora kuna baridi lakini tupo kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, alfajiri ya Julai vidole havishiki breki vizuri. Kwihara kumepambazuka, tukakaa kidogo pale kwenye tembe la Livingstone (ile nyumba ya kale ya udongo alikokaa yule mmisionari) tukala matobolwa, alafu tukapinda kusini. Mashamba ya tumbaku yaliyokwisha vunwa, nyumba zinapungua, mbuzi wanapungua, mara kimya. Miombo.

Wakuu naomba niwaeleze hicho kimya. Miti imekaa mbali mbali kidogo, jua linapenya, chini majani makavu ya rangi ya dhahabu na njia nyembamba upana wa tairi mbili inapita inajikunja, unasikia cheni yako tu na njiwa. Kilomita kama 12 za mwanzo njia ni ngumu, ardhi imeshindiliwa na miguu ya watu, unapiga gia kubwa, unakwepa kichuguu, unainama chini ya tawi, unaruka mzizi. Nilipiga kelele za furaha mwenyewe kama mtoto.

Alafu mchanga ukaanza.

Naendelea jioni, nipo kazini.

Bint_Kiloleni

Nimeweka kambi hapa, kaka usituache. Kwihara nimefika mara nyingi na wanafunzi ila sikujua kama kuna njia inaendelea kule nyuma.

Mzee_wa_Cheyo

Kijana umeandika jambo umelipita haraka, hiyo njia upana wa tairi mbili. Hizo ndizo njia za babu zetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanatembea mmoja nyuma ya mwingine na mzigo begani, kwaiyo njia haikuhitaji upana zaidi ya mguu mmoja, na mti ukianguka katikati hakuna aliyeweka mzigo chini akaukata, wanauzunguka, na anayefuata anauzunguka, mwisho kona inabaki hapo hata mti ukishaoza. Ndio mana zinajikunja hivo bila sababu ya kuonekana. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kizungu, walipofika Kazeh (ndio Tabora ya zamani) mwezi wa 11 mwaka 1857 walipita kwenye njia za namna hiyo hiyo, na Livingstone alikaa hapo Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapande kutoka pwani kupitia humo humo. Reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ule msafara mkubwa ukafa, ila vijia vya kwenda mizingani na visimani vikabaki. Nyinyi vijana mkipita na baiskeli zenu mnazilinda, mana njia isiyopitwa miombo inairudisha kwa misimu miwili tu.

Kijana_wa_Isevya

Mzee shikamoo, na asante sana, zile kona zilinishangaza kweli, unakuta njia inapiga nusu duara kwenye eneo tupu.

Tuendelee. Mchanga. Ule mweupe laini kama unga wa sembe. Unaingia nao na mwendo, tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe na wewe unaenda ulikokuwa unaenda. Nimeanguka mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Kuinuka tena ndio kazi, mana baiskeli imesimama ndani ya mchanga huwezi kuanza kunyonga, nyuma panazunguka tu panachimba, unashuka unakokota, jasho, na ukishakokota mwendo wako ni wa mtu wa miguu, na ndorobo wanapenda hapo hapo.

Ndorobo (huko kwingine mnawaita mbung'o) wanafuata kitu kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi wanaipenda sana, hata mitego yao ya serikali inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Binamu alivaa fulana ya bluu iliyokolea. Wakuu, mgongo wake ulikuwa unatisha. Anauma juu ya nguo, sio kama mbu, unasikia kama umechomwa na pini ya moto. Tulimvua tukamvisha shati langu la kaki la akiba, wakapungua japo hawakuisha.

Tukaingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, hiyo kwa kiangazi imekauka imepasuka nyufa, nyufa nyingine tairi la mbele linaingia lote. Hapo unasimama juu ya pedeli, unasukuma makalio nyuma, unaiacha baiskeli icheze chini yako. Alafu majani marefu mpaka kifuani, na ndani ya majani ndio kuna visiki. Watu wamekata miti midogo kwa shoka, wameacha ncha kama mkuki. Saa nane mchana kisiki kimoja kikachana tairi langu la nyuma ubavuni, urefu wa kidole cha shahada, tyubu ikapiga kama bunduki. Ndege wote wakaruka.

Hapo ndipo kile kipande cha tairi kuukuu kilipofanya kazi: unakiweka kwa ndani kuziba mpasuko, tyubu mpya juu yake, upepo kiasi. Kikashika. Ila saa kumi tyubu hiyo mpya ikafa penyewe, imeachia pale pua inapoungana na mpira, na pale hapazibiki na kiraka chochote. Nilizinunua duka moja mjini na nilizichukua kwa bei rahisi. Ya pili pancha ya miba ya migunga, na solusheni tulipoifungua imekauka imekuwa jiwe, nilikuwa nimeifungua mwezi mmoja nyuma nikaifunga vibaya. Binamu naye za kwake mbili zimeshapigwa miba. Jua linashuka, kijiji cha karibu hatukijui kiko kilomita ngapi, maji yamebaki lita moja na nusu kwa watu wawili.

Fundi_Kanyenye

Mdogo wangu naingilia kidogo kabla hujaendelea mana naona watu watakuja kuuliza.

Kwanza upepo. Wewe hukusema ulijaza kiasi gani lakini najua, ulijaza tairi likawa gumu kama la barabarani. Ukienda mchanga punguza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba linabonyea vizuri na ukikaa juu ubavu unatoka nje kidogo, tairi linakuwa pana linaelea juu. Ukitoka kwenye mchanga ukiingia mizizi na visiki ongeza, la sivyo rimu itagonga tyubu utapata tundu mbili pacha. Ndio mana pampu haikai chini ya begi, ifunge kwenye fremu.

Pili tairi, kwa njia zetu chukua la kashata (lile la vinundu) lenye upana wa inchi 2.1 kwenda juu kama fremu yako inaruhusu, 1.95 ni nyembamba. Tyubu usiangalie bei, kunja ile sehemu ya pua mbele ya muuzaji ukaone kama unganisho lina mstari mweupe, ukiuona rudisha. Solusheni nunua mbili ambazo hazijafunguliwa, ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kulala porini.

Tatu, tyubu ya 28 ya Phoenix inaingia kwenye tairi la 26 kwa shida, unaikunja sehemu iliyozidi, inadunda dunda kama ng'ombe mlemavu ila inakufikisha. Vijijini huko tyubu ya 28 haikosi. Nimewafungia watu wengi hivo.

Kijana_wa_Isevya

Fundi hapo umenisema kweli, nilijaza mpaka mwisho. Na ni 1.95 hizo hizo.

Sasa. Tunakokota, hamna anayeongea, tukasikia kengele ya baiskeli nyuma yetu. Kengele, porini, saa kumi na moja jioni. Mzee mmoja wa makamo ya sabini hivi, Phoenix 28, breki za vyuma, haina gia hata moja, kwenye keria amefunga ndoo mbili za lita 20 zimejaa asali. Piga hesabu mwenyewe, asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4, hapo ana kilo 56 nyuma yake na anapita kwenye mchanga ule ule uliotuua sisi. Tukamwamkia shikamoo baba, akaitikia, akashuka akauliza mmekunywa maji? Sio mnatoka wapi, sio mna kibali, mmekunywa maji. Akatoa dumu.

Alafu akaangalia tairi langu, akasema vua. Akachukua panga akakata majani makavu yale marefu, akayasokota kama mtu anasuka kamba ya ng'ombe, akayashindilia ndani ya tairi, tyubu mbovu akaiacha nje, akashindilia kwa kijiti mpaka tairi likajaa. Akaenda kwenye myombo mdogo akabandua gome la tawi, akachana kamba, akafunga tairi na rimu sehemu sita. Dakika kama arobaini. Kunyonga ni kugumu na baiskeli nzito lakini inabingirika, rimu haigusi ardhi, nikapanda. La binamu akalifanya hivo hivo mbele tu.

Tulilala kambini kwao, warina asali walikuwa watano, ugali na nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa) ya karanga, asali mbichi na masega yake. Usiku nikamuuliza baba wewe mchangani unapitaje. Akaniambia mnaangalia mchanga mnautaka, mimi naangalia majani. Sikuelewa mpaka asubuhi nilipomfuata nyuma. Kweli hapiti katikati kabisa, anapita ukingoni ambapo mizizi ya majani imeshika udongo, ukanda upana wa kiganja, macho yapo mbele hatua kumi, hakati kona, analaza mwili kidogo tu baiskeli inakuja yenyewe, na pale ambapo ukingo umeisha anashuka kabla hajazama, anatembea hatua ishirini, anapanda. Hapigani. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nashuka nikiwa nimeshaanguka.

Kwa kumfuata yeye kilomita 20 za asubuhi ile sikuanguka hata mara moja na tairi langu lina majani ndani. Alituacha njia panda, akatuelekeza, tukafika kijijini, tyubu ya 28 ikapatikana kama fundi alivyosema, Sikonge tukaingia saa tisa na nusu mchana, tukala wali maharage sahani mbili mbili. Mwenye swali aulize.

Bint_Kiloleni

Nimesoma mpaka kale kasehemu ka mmekunywa maji machozi yakanilenga. Maswali: simba? Nyuki? Na mwanamke anaweza kwenda?

Mtoto_wa_Mrina

La nyuki nijibu mimi nimekulia humo, baba yangu alikuwa na mizinga zaidi ya mia. Ukiona mzinga juu ya mti umening'inizwa pita kwa mwendo wa kawaida usisimame chini yake, usipige mti, usijipake manukato wala mafuta yenye harufu, nguo nyeusi zinawakera. Wakianza, acha baiskeli chini kimbia kwenye vichaka vizito, usisimame kuwapunga. Jioni na usiku wanaporina usikaribie mpaka ukaribishwe, hapo nyuki wameshachokozwa.

Na kuna kitu mwenye uzi hajakisema, upupu. Mwezi wa sita mpaka wa nane vile viganda vyake vimekauka vyoya vinaruka na upepo, ukipita nao mikono wazi utajikuna mpaka utoke damu. Usikimbilie kujifuta na maji wala kusugua na shati, sisi tunapaka udongo tope unaacha ukauke alafu unaubandua unatoka na vyoya. Mikono mirefu, siku zote.

Niongeze na hili kwasababu linaniuma. Mkiwa njiani mkiona mti umebanduliwa gome lote umesimama uchi, ule umeuliwa kwa ajili ya mzinga wa gome mmoja. Wazee wengi siku hizi wamehamia mizinga ya mbao lakini wapo ambao hawana hela ya mbao. Ukinunua asali nunua kwa hao wa mbao, waulize, watakuonyesha.

Kijana_wa_Isevya

Dada, simba hatukuona wala kusikia, wale warina wanasema wanyama wakubwa wapo upande wa Ugalla, ambako sasa ni hifadhi ya taifa na huingii na baiskeli kiholela, sisi hatukwenda huko. Kitu cha kuogopa ni mashimo ya muhanga, yapo ukingoni mwa njia, gizani huyaoni, ndio mana hatukutembea usiku. Na mwanamke anaenda vizuri tu, pale kambini mke wa mrina mmoja alikuja na baiskeli kuleta unga.

Mha_wa_Kasulu

Hongereni majirani. Kwetu Kigoma ni kinyume, mchanga wenu hatuna, tuna mteremko. Kutoka Kalinzi kwenye kahawa kushuka Mwandiga vijana wanateremka na Phoenix zimebeba ndizi mikungu minne, breki zinashika moto wanasaidia kwa soli ya kandambili kwenye tairi. Udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Mkuu ungekuja mwezi wa 11 mchanga wenu ungekuta umeshika, huo ndio msimu, Julai mmejitesa.

Mzee_wa_Cheyo

Mwezi wa 11 mchanga unashika lakini mbuga inakuwa gundi. Atachagua.

Na nyote mlioumwa na ndorobo: ukipata homa isiyoisha, kichwa kuuma na tezi za shingo kuvimba, hata kama ni wiki kadhaa baadae, nenda hospitali na umwambie daktari kwa mdomo wako kwamba ulikuwa porini na uliumwa. Malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na ndorobo, haijaisha, na asipojua ulikokuwa atakupima malaria tu. Nimezika mtu kwa hilo.

Kijana_wa_Isevya

Wakuu nimerudi, leo tarehe 9 mwezi wa 12. Tulipima wote wawili, tupo salama, asante mzee kwa kutusukuma.

Nimerudi kule kule peke yangu. Nilikuwa na deni, nimempelekea yule baba tairi jipya la 28, tyubu mbili (nilizikunja pua mbele ya muuzaji fundi, nikarudisha moja) na solusheni tatu ambazo hazijafunguliwa. Mvua zilishapiga kama wiki mbili. Mha alisema kweli na Mzee wa Cheyo alisema kweli. Ule mchanga ulionishinda nimepita juu yake kama saruji, nimeweka 2.1 za kashata na upepo wa kubonyea, kambini kwa warina nimefika saa tano asubuhi, mara ya kwanza tulifika na giza. Miombo yote kijani, uyoga kila mahali, wamama wanauokota na vikapu. Ila ile mbuga, kama mita 600 tu, imenichukua saa nzima na robo, tope linajaa kwenye uma wa mbele mpaka gurudumu halizunguki, unalikwangua kwa kijiti, hatua kumi limejaa tena, mwisho nikaibeba begani na viatu nikavifunga shingoni.

Baba nilimkuta. Aliligeuza geuza lile tairi akalinusa, akalitundika juu ya mti asilifunge, akasema la zamani bado lina mwaka. Alafu akaniuliza binamu yako yuko wapi, nikamwambia anafanya mtihani, akanipa chupa ya asali nimpelekee.

Fundi Kanyenye kesho nakuja dukani, nataka friwili yenye meno mengi zaidi nyuma, na uma ambao una nafasi ya tope. Na dada wa Kiloleni pamoja na wale wawili mlionitumia ujumbe, tumepanga mwezi wa tano mwishoni, mvua zimekata na mchanga haujalegea sana, tutakuwa watano. Ruhusa ya msitu naanza kuifuatilia mwezi wa nne.